Umenunua boti mtumba Kigoma? Anza kwa kung'oa viraka

Kila Ziwa Tanganyika linapokaribia kufungwa kwa uvuvi, maswali huwa yale yale. "Nimenunua boti, inavuja, nitie nini?" "Fundi kasema tuongeze lami, ni sawa?" "Mashine ilikuwa inawaka vizuri nchi kavu, majini inazima, kwa nini?" Wengi wanaouliza wamenunua chombo cha mbao Kibirizi, Katonga au Ujiji, kimepakwa rangi mpya na bei yake ikavutia. Nimeona niandike yote kwa mpangilio, usome kabla hujamalizia pesa zako kwenye makopo ya rangi.

Jibu langu kwa wote linaanzia mahali pamoja: usitengeneze juu ya matengenezo ya mtu mwingine. Kiraka ulichokikuta kinakuambia kwamba pale palikuwa na tatizo. Hakikuambii kwamba tatizo liliisha. Boti nyingi ninazoziona zimelazwa mwaloni (ufukweni wanaposhukia wavuvi) hazikuuawa na uzee, zimeuawa na viraka vilivyowekwa juu ya viraka.

Mambo mawili ya kuelewa, basi. Kwanza, Ziwa Tanganyika ni maji baridi, hakuna wale minyoo wa baharini wanaotoboa mbao za majahazi. Kinachoozesha boti zetu zaidi ni maji ya mvua yanayosimama ndani, na mbao kulowa na kukauka, kulowa na kukauka. Ndiyo maana utakuta ubao wa chini kabisa ni mzima lakini kichwa cha taruma (mbavu ya ndani ya boti) kimekuwa unga. Pili, ubao hunywa maji ukavimba, na ukikauka husinyaa. Boti iliyokaa majini inaweza kuonekana haivuji ilhali maungio yake yamebana kwa kuvimba tu. Na boti iliyokaa juani mwezi mzima itavuja siku ya kwanza hata kama ni nzima.

Wakati mzuri wa kazi hii unajulikana. Tangu mwaka 2024 Serikali ilipoanza kufunga ziwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, una miezi mitatu ya kiangazi ambayo chombo hakiendi kuvua. Itumie yote. Anayeanza mwezi wa nane mwanzoni hukimbilia lami.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Bisibisi nyembamba yenye ncha, tochi, na chaki
- Nyundo ya chuma na nyundo ya mbao
- Patasi kali, tindo, koleo la kung'olea misumari, kikwangulio
- Chembeu ya kukalafati (kuziba maungio ya mbao kwa pamba), au patasi butu
- Pamba safi, mafuta ya kitani, na unga wa chaki wa kukandia puti
- Misumari iliyopakwa zinki, ya urefu unaolingana na unene wa mbao zako
- Mbao kavu: mninga au mvule ukipata. Paini ni rahisi kuchonga lakini huoza upesi sana majini
- Msasa, rangi ya kwanza na rangi ya mafuta
- Barakoa na glavu, maana rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi na vumbi lake ni sumu
- Pipa la maji la kujaribia mashine

Hatua za kazi

1. Muulize aliyekuuzia, kwa upole. Usimwendee kwa shutuma, hata kama unahisi umeuziwa ugonjwa. Mwambie: "Mzee, boti ni yangu sasa, sidai kitu. Nionyeshe tu palipowahi kutengenezwa, na nani alitengeneza." Mtu akishalipwa pesa yake husema mengi ambayo hakusema wakati wa kupatana bei. Muulize iliwahi kugonga mwamba wapi, iliwahi kuzama au la, mashine iliwahi kuingia maji au la, na ilikaa nchi kavu kwa muda gani.

2. Malizia karatasi. Mkataba wa mauziano uandikwe mbele ya serikali ya mtaa au kijiji, leseni ya chombo ihamishwe, na BMU (kikundi cha usimamizi wa uvuvi) ya mwalo wako ijue mwenye chombo ni nani. Namba ya mashine iliyopo kwenye mabano ya kufungia ilinganishe na iliyoandikwa kwenye mkataba. Ikiwa imekwanguliwa, simama hapo hapo usiendelee. Mashine za wizi zipo ziwani, na atakayekamatwa nayo ni wewe.

3. Itoe majini, iinue, iache ikauke kivulini. Iweke juu ya magogo matatu au manne, mkuku (uti wa chini wa boti) ukae sawa, usining'inie katikati. Chombo kikikaa vibaya juu ya magogo hujipinda, halafu utakalafati upindaji. Kama hakuna kivuli, funika kwa makuti au turubai lenye nafasi ya hewa kupita. Jua kali la Julai hupasua mbao kwa siku chache. Toa maji yote, toa mchanga, toa magamba ya dagaa yaliyoshikana chini ya vikao. Osha. Usichokiona hutakitengeneza.

4. Chora ramani ya majeraha. Zunguka na chaki ndani na nje, weka alama kila penye kiraka, kila penye rangi nene kuliko jirani yake, kila penye doa jeusi kuzunguka msumari. Kisha piga picha kwa simu. Viraka vikijipanga mstari mmoja kutoka ubavuni hadi chini, hapo hakuna mavujo kumi, kuna taruma moja lililovunjika ndani na mbao zote zinazolitegemea zinacheza.

5. Ng'oa viraka vyote. Hii ndiyo hatua wanayoiruka wengi, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote.

Lami: ikwangue alfajiri, ikiwa bado ngumu kwa ubaridi wa usiku, hutoka vipande vipande. Ukisubiri saa saba mchana italainika, itakunata mikononi na kuzama zaidi kwenye nyuzi za mbao. Mabaki yafute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, mbali na moto wowote, kisha acha ikauke siku kadhaa. Rangi ikipakwa juu ya lami, lami hupenya na kutokea juu ikiwa madoa ya kahawia.

Bati: usilipige kwa ubavu wa nyundo ling'oke kwa mkupuo, utararua ubao. Ingiza patasi chini ya ukingo, inua msumari mmoja baada ya mwingine. Mara nyingi utakachokikuta chini yake ni ubao mweusi, uliolowa, wenye mstari wa matundu kila upande wa ufa. Ufa wa awali ulikuwa mmoja. Matundu ya misumari ya kushikilia bati ndiyo yaliyomaliza ubao, na bati likafungia maji ndani yasikauke. Matundu ambayo ubao wake bado ni mgumu yazibe kwa vijiti vya mbao kavu vilivyochongwa, vigonge taratibu na ukate sawa na ubao.

Saruji iliyomwagwa chini karibu na mkuku: ivunje kwa tindo, kwa mapigo madogo, usielekeze ncha kwenye mbao. Saruji haishikani na ubao unaovimba na kusinyaa. Hutengana nao kidogo tu, maji yakaingia katikati, na mkuku ukaoza huku juu unaona sakafu safi.

Ndala zilizoyeyushwa na plastiki za kila aina: toa kwa patasi. Silikoni: hii ina ubaya wa peke yake. Haipokei rangi, na utando wake ukibaki kwenye ubao hakuna kitu kingine kitakachoshika pale. Usiifute tu, kwangua hadi uone mbao mpya.

Fila ya magari: imetengenezwa kwa mabati makavu ya gari, kwenye ubao hunywa maji na kupasuka. Itoe yote.

Utaishia na chombo chenye sura ya kutisha kuliko ulichonunua. Usikate tamaa hapo. Sasa unakiona.

6. Pima mbao kwa sikio na kwa ncha. Gonga kwa mpini wa bisibisi. Ubao mzima hulia, uliooza hutoa mlio mzito uliokufa. Penye shaka choma kwa ncha: ikiingia bila nguvu, pameoza. Inua kinyuzi kwa ncha hiyo hiyo. Mbao nzima huinuka kibanzi kirefu, iliyooza hukatika kifupi mkononi. Maeneo ya kuyapa muda zaidi ni vichwa vya mataruma, chini ya vikao, mbele kabisa panapokusanya maji ya mvua, ubao wa nyuma unaobeba mashine, na kuzunguka kila msumari wa kawaida ulioota kutu. Kutu huula msumari na huuharibu ubao unaouzunguka pia.

7. Amua kama inafaa. Mbao za ubavuni hubadilishwa. Mataruma huongezewa wenzake. Lakini mkuku ukiwa umeoza sehemu ya katikati, ushauri wangu ni kutoa mashine, kuokoa mbao nzima, na kuanza chombo kingine. Najua inauma ukishalipa. Inauma zaidi usiku ukiwa ziwani mbele ya hifadhi ya Gombe na watu sita ndani.

8. Mataruma kwanza, mbao baadaye. Kukalafati boti yenye mataruma yaliyovunjika ni kupoteza pamba, kwa sababu mbao zitacheza na kuitema. Taruma lililovunjika liache lilipo kama sehemu zake nyingine ni nzima, weka jipya kando yake likiwa refu kupita pande zote mbili za mvunjiko, na ulipigilie kwenye mbao zenyewe. Taruma lililooza toa kabisa; uozo huhamia kwenye mbao mpya.

9. Badilisha ubao uliooza kwa kipande kirefu. Kiraka kifupi kinachoishia katikati ya mataruma mawili ndicho kinachovuja tena. Kama unaunga kwa mshazari, urefu wa mshazari uwe mara nane ya unene wa ubao: ubao wa sentimita 2.5 unataka mshazari wa sentimita 20. Maungio ya mbao zinazopakana yasikae mstari mmoja. Toboa tundu jembamba kabla ya kupigilia, vinginevyo utapasua ubao ulioununua kwa bei ghali. Ncha ya msumari ikitokea ndani, ikunje kukata nyuzi za mbao, isifuate nyuzi.

10. Kalafati. Safisha ufa wote hadi pamba ya zamani itoke. Pamba iliyooza haibani. Sokota pamba nyembamba, ipake mafuta ya kitani, isukume kwa chembeu na nyundo ya mbao kwa mapigo mepesi, kidogo kidogo, ukirudia, hadi ikae chini ya uso wa ubao. Juu yake weka puti ya unga wa chaki na mafuta ya kitani. Ukishauriwa kutumia mawese kwa kuwa hapa kwetu yapo tele, kumbuka kwamba mawese hayakauki. Rangi haitashika juu yake.

Kosa kubwa hapa ni kushindilia. Boti yako ni kavu, maungio yamepanuka, na mkono unashawishika kujaza hadi pamba igome. Ukishashusha majini mbao zinavimba, hazina pa kwenda, na nguvu ile hung'oa misumari au kuvunja taruma ulilotoka kuweka. Jaza kwa kubana, usijaze kwa hasira. Ufa mpana kupita kiasi hauzibwi kwa pamba. Unachongewa ukanda mwembamba wa mbao na kuunganishwa upande mmoja tu.

11. Rangi. Msasa, rangi ya kwanza, kisha mikono miwili ya rangi ya mafuta. Paka na ncha za mbao zilizokatwa, maana ndizo zinazonywa maji kuliko uso. Kwa ndani acha njia ya maji kutembea kati ya mataruma hadi mahali pamoja pa kuchotea.

12. Mkia na mashine. Fungua mashine kabisa uone ubao wa nyuma. Matundu ya bolti yakiwa laini au yamekuwa mapana, usiongeze washa kubwa kama alivyofanya mwenye boti wa awali. Badilisha ubao. Mashine ya farasi 40 ikichomoka na kuzama kwenye ziwa lenye kina cha zaidi ya mita 1,400 huendi kuitafuta.

Kisha mashine yenyewe. Usikubali tena kuwashiwa mashine nchi kavu ili "usikie inavyolia". Impela, yaani kipande kinachozunguka ndani ya pampu ya maji, ni mpira. Ikizunguka bila maji huungua kwa muda mfupi sana, na unaondoka na mashine iliyoharibiwa wakati wa kukuonyesha uzima wake. Iwashe ndani ya pipa la maji, na maji yatoke kwa nguvu kwenye kitundu chake. Badilisha impela hata kama inaonekana nzima, kwa kuwa hujui imepita wapi.

Toa propela. Nyuma yake, kwenye shafti, utakuta nailoni ya wavu iliyojiviringisha ikawa ngumu, wakati mwingine imeshayeyuka kidogo kwa joto. Nailoni hiyo hukata sili (mpira wa kuzuia maji kwenye shafti), na maji huingia kwenye giaboksi. Fungua skrubu ya chini ya giaboksi na ile ya juu: oili ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, sili zimekwisha. Kubadilisha oili peke yake hakusaidii. Oili mpya ijazwe kutoka chini hadi itokee juu.

Pima mgandamizo wa silinda zote. Namba zikikaribiana, vizuri. Moja ikiwa chini sana kuliko mwenzake, mashine inataka kufunguliwa. Mchanganyiko wa oili na petroli fuata kitabu cha mashine yako. Nyingi za stroki mbili hutumia moja kwa hamsini, yaani mililita 400 kwa lita 20. Wanaozidisha oili "ili ilainike" huziba plagi, wanaopunguza kubana matumizi huunguza pistoni. Na ile kamba ya kuzimia mashine dharura, ambayo karibu kila mwenye boti wa awali huikata na kuunganisha waya, irudishe.

Ukitaka kujua uangalizi wa mmiliki wa kwanza una thamani gani, angalia Liemba, meli kongwe ya ziwa hili. Wajerumani walipoizamisha wenyewe mwaka 1916 walipaka mashine zake grisi nene kabla. Ilipoibuliwa mwaka 1924, mashine zile zilikuwa bado zinafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini. Karibu miaka minane tangu kuzamishwa. Mashine yako ikilala kipindi cha ziwa kufungwa, ioshe, maliza mafuta kwenye kabureta, weka oili kidogo kwenye silinda, na ihifadhi ikiwa imesimama.

13. Umeme wa taa. Waya za nyumba zilizosokotwa na kufungwa tepu, toa zote. Weka waya laini wa nyuzi nyingi, fyuzi karibu na betri, na betri iwe mbali na dumu la petroli, imefungwa isihame.

14. Shusha kwa hatua. Iweke kwenye maji ya kina kifupi, ifungwe mbele na nyuma, ibaki hapo siku mbili au tatu ikinywa maji. Itavuja mwanzoni, chota, usiipandishe kwa hofu. Ikitulia, toka nayo karibu na ufukwe ukiwa na jaketi okozi kwa kila mtu, kwanza tupu, kisha na mzigo. Ukaguzi wa TASAC (shirika la serikali linalokagua vyombo vya majini) uombe baada ya hapo.

Fundi mlipe kwa hatua, si yote mwanzoni, na uwepo siku ya kung'oa viraka na siku ya kukalafati. Siku nyingine unaweza kwenda shughuli zako.

Kwa mwenye boti ya faiba: kanuni ni ile ile. Gonga, sikiliza palipo laini, saga hadi faiba ngumu na kavu, na punguza ukingo kwa mteremko mrefu kabla ya kuweka tabaka mpya. Resini juu ya rangi au juu ya unyevu itabanduka.

Ikisumbua baada ya hapo

*Inavuja baada ya siku tatu majini.* Ikaushe ndani, nyunyiza unga wa chaki kwenye maungio ya ndani, kaa utazame unapolowa kwanza. Ziba hapo tu, usipake kila mahali.

*Inavuja ikipakia, tupu haivuji.* Angalia ubao ulio juu ya mstari wa maji. Ulikaa kavu, haukuvimba. Mwagia maji kila siku kwa wiki kabla ya kuukalafati upya.

*Inavuja ikienda kasi tu.* Mbao zinacheza. Rudi kwenye mataruma na kwenye ubao wa nyuma, si kwenye pamba.

*Rangi inafura malengelenge.* Ulipaka ubao ukiwa na unyevu, au chini kuna lami iliyobaki. Kwangua sehemu hiyo yote, subiri ikauke.

*Mashine inawaka, ikipewa mzigo inazima.* Fungua kwanza hewa ya tangi. Kisha kagua maji kwenye petroli, mpira wa mafuta uliopasuka, na kabureta iliyoziba. Anza na hivyo vya bei rahisi kabla fundi hajakufungulia mashine.

*Mashine inanguruma, boti haiendi.* Mpira wa ndani ya propela umeteleza. Chora mstari kwa rangi kutoka kitovu hadi bawa, endesha kidogo, kisha tazama: mstari ukiwa umeachana, badilisha propela au iwekewe kitovu kipya. Hadi hapo rudi taratibu kwa mwendo mdogo, itakufikisha.